Gari Kuukuu Chini ya Mwembe: Kupima Thamani Yake na Gharama za Kulifufua

Mazungumzo na walaji, Tabora



 Mara nyingi tunapokutana na wananchi huzungumzia mizani ya dukani, tarehe za mwisho za matumizi ya vyakula, na risiti. Leo tumeombwa kuzungumzia jambo lisilotokea kila siku, lakini linapotokea huweza kumeza akiba ya miaka thelathini kwa msimu mmoja. Nalo ni ununuzi wa gari kuukuu lenye jina kubwa na kutu nyingi.

Mazungumzo haya yametokana na swali la mzee mmoja, mstaafu wa reli. Kwa jirani yake, hapahapa mjini, lipo gari dogo la mbio la viti viwili, aina ya Datsun 240Z. Mwenye gari amekwisha kufariki, na warithi wanaliuza. Limekaa chini ya mwembe kwa miaka mingi. Rangi imepauka, matairi yamelala, na chini ya milango kutu imetokeza. Warithi wanataka shilingi 12,000,000. Kijana wa mzee ameona katika simu yake kwamba gari la aina hiyo liliuzwa Marekani kwa bei ya kujengea nyumba kadhaa, naye anamsihi baba yake atoe sehemu ya kiinua mgongo walinunue, walifufue, kisha waliuze. Mzee akatuuliza: "Wanangu, hiki ni chuma chakavu au ni hazina?"

Jibu letu lilikuwa kwamba hakuna awezaye kulijibu swali hilo kwa kulitazama gari kwa mbali. Hujibiwa kwa kulala chini ya gari ukiwa na tochi, na kwa kukaa mezani ukiwa na kalamu. Tutayaeleza yote mawili.

Thamani ya namna tatu

Kabla ya kutaja bei, mlaji ajiulize ananunua nini. Gari kuukuu lina thamani za namna tatu, na watu wengi huumia kwa sababu huzichanganya.

Ya kwanza ni thamani ya matumizi: gari likupeleke Nzega au Urambo na kukurudisha. Kwa shabaha hiyo gari la viti viwili lililo karibu na ardhi si chaguo la busara, hata likiwa jipya.

Ya pili ni thamani ya moyo. Huenda gari lilikuwa la marehemu baba, au ulilitamani ulipokuwa mtoto. Thamani hii ni ya kweli, wala hatumcheki mtu anayeilipia. Ila ajue kwamba fedha anayoilipia moyo haitarudi siku ya kuuza, kwa kuwa mnunuzi wa kesho hakumjua baba yake.

Ya tatu ni thamani ya soko: kiasi ambacho mtu mwingine atalipa, kwa hakika na kwa fedha taslimu, kazi itakapokuwa imekamilika. Kijana wa mzee alikuwa anaizungumzia hii, na ndiyo inayohitaji hesabu kali kuliko zote.

Jina kubwa na bei kubwa

Tukiri kwamba Datsun 240Z si gari la kubezwa. Lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda sita. Hapa kwetu Afrika Mashariki lilijipatia heshima ya pekee, kwani lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na Tanzania ina sehemu yake katika historia hiyo: Bert Shankland, dereva aliyetoka nchini kwetu, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Wazee wengi waliopo hapa wanayakumbuka majina hayo.

Ni kweli pia kwamba mwezi Januari 2020, katika mnada wa mtandaoni nchini Marekani, gari la 240Z la mwaka 1971 liliuzwa kwa dola 310,000. Lakini mlaji asisome bei bila kusoma habari iliyo chini yake. Gari lile lilikuwa limetembea umbali mdogo sana na limetunzwa katika hali yake ya asili. Halikuwa na kutu ya kuondolewa, halikufufuliwa, na halikukosa kitu. Kulilinganisha na gari la chini ya mwembe ni sawa na kulinganisha asali iliyochujwa na mzinga mtupu uliotoboka. Vyote viwili hutajwa katika habari ya nyuki, lakini bei zake hazikutani.

Tahadhari nyingine ni juu ya sifa za mdomo. Muuzaji huweza kudai kwamba gari lake "lilikimbia Safari". Gari lenye historia hiyo huwa na ushahidi: picha za wakati ule zinazoonyesha namba yake, nyaraka za usajili zinazolingana, na orodha za washiriki. Pasipo ushahidi, lichukuliwe kuwa gari linalofanana na lililoshinda, na mlaji asiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya hadithi.

Gari limeishi wapi?

Kutu haiwi sawa kila mahali. Chuma huoza kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huongeza kasi ya kuoza. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: gari hili limeishi wapi? Lililokaa miaka kumi Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam limevuta hewa ya chumvi ya bahari kila usiku. Lililokaa Tabora limepata nafuu, kwa sababu kiangazi chetu ni kirefu na chuma hupata kukauka. Magari mengi, hata hivyo, yamefuata njia ileile ya misafara ya zamani, kutoka pwani kuja bara. Kutu iliyoanzia Bagamoyo haiponi kwa kufika Unyanyembe. Hupunguza mwendo tu, na masika yakija huendelea.

Kwa wanaonunua Land Rover au pikapu za zamani tunaongeza swali jingine: limewahi kubeba chumvi ya Uvinza? Mabaki ya chumvi yaliyoingia katika mikunjo ya bati hunyonya unyevu kwa miaka mingi baada ya mzigo kushushwa.

Na mwembe wenyewe? Miembe ya Tabora na Ujiji ni urithi wa njia ya misafara, nasi tunaipenda kwa kivuli chake. Kwa gari lililosimama, kivuli hicho kina madhara. Majani huanguka chini ya kioo cha mbele, huziba matundu ya kutolea maji, huoza, na kugeuka udongo unaoshika unyevu. Maji yaliyokosa njia hutafuta njia ya ndani, chini ya dashibodi na chini ya zulia. Hivyo gari huoza kutoka ndani kwenda nje, na mwenye gari haoni kitu mpaka siku mguu wake utakapotoboa sakafu.

Ukaguzi: vifaa vinne na asubuhi moja

Mlaji hahitaji mitambo. Anahitaji tochi, bisibisi, sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa laini, na ruhusa ya muuzaji. Muuzaji akikataa gari lisiguswe wala lisiinuliwe, hilo nalo ni jibu. Aende asubuhi, gari likiwa kavu, na afuatane na fundi bodi asiye na udugu wala biashara na muuzaji. Ujira wa fundi huyo kwa asubuhi moja ni fedha ndogo kuliko zote zitakazotajwa leo.

Kuna kutu za ngazi tatu. Ya kwanza ni ya juu juu: bati lina rangi ya kahawia lakini ni gumu, na msasa huiondoa. Ya pili ni ya malengelenge: rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Mlaji asidanganyike na udogo wa lengelenge. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na ndiyo maana huinua rangi. Mara nyingi lengelenge linapoonekana nje, upande wa ndani umekwisha kulika. Ya tatu ni kutu ya kutoboa: bisibisi ikikandamizwa kwa nguvu ya kiganja huzama. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Bati lililooza hukatwa na jipya huchomelewa.

Sumaku ina kazi yake. Ipitishwe taratibu juu ya milango na matao ya magurudumu. Mahali inaposhika kwa nguvu pana bati; mahali inapoanguka pana puti, yaani ule ubandiko mgumu ambao mafundi hujazia mashimo kabla ya kupaka rangi. Puti nyembamba ya kulainisha bati si kosa. Puti nene kama mkate imefunika tundu, na mlaji atalipia tundu hilo mara mbili: mara ya kwanza katika bei ya gari, mara ya pili kwa fundi.

Katika 240Z pana mahali ambapo jicho lazima lifike. Kwanza, kitako cha betri, ambapo tindikali humwagika na kula bati. Pili, mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Tatu, sakafu, zulia liinuliwe, lisikaguliwe kwa juu. Nne, mihimili miwili iliyochomelewa chini ya sakafu. Tano, vizingiti vya chini ya milango. Sita, matao ya magurudumu ya nyuma. Saba, shimo la tairi la akiba na ukingo wa mlango wa nyuma.

Kwa nini sakafu na vizingiti vina uzito mkubwa hivyo? Kwa sababu gari hili halina chesisi ya pembeni. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Vizingiti vikioza, gari hupoteza uti wa mgongo. Kipimo chake ni rahisi: fungua mlango taratibu na utazame kama unashuka, kisha gari liinuliwe kwa jeki upande mmoja, na mlango ufungwe tena. Ukikwama mahali ambapo awali haukukwama, gari linajikunja. Kwa usalama, mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo imara.

Magari mengine yana siri zake. Land Rover za zamani zina bodi ya alumini, ambayo haishiki kutu nyekundu, juu ya chesisi ya chuma ambayo huishika vizuri sana. Wengi wamenunua bodi inayong'aa iliyokaa juu ya chesisi iliyooza. Volkswagen ya mgongo wa kobe huweka betri chini ya kiti cha nyuma, na hapo ndipo sakafu yake huanza kutoboka. Kanuni ni moja: tafuta mahali maji yanapoingia na yasipotoka.

Injini tumeiacha mwisho kwa makusudi, ingawa wanunuzi wengi huanza nayo. Injini iliyosimama miaka mingi isiwashwe kwa pupa. Fundi atoe plagi, adondoshe oili kidogo katika kila silinda, na kuizungusha kwa spana kwa mkono. Ikizunguka, kuna tumaini. Ikigoma, hesabu iandaliwe kana kwamba inafunguliwa yote. Petroli ya zamani imwagwe na tangi litazamwe ndani. Silinda za breki zihesabiwe kuwa zimekufa, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya maji na maji hula chuma. Matairi yasihesabiwe kabisa, hata yakiwa na kashata nzuri, kwani mpira hupasuka kwa umri. Injini ya gari hili ni ya jamii iliyotumika katika Datsun nyingine kwa miaka mingi, hivyo hutengenezeka. Bati za bodi yake ndizo zisizopatikana kwa urahisi. Ndiyo maana tunasema: nunua bodi, injini itatafutwa.

Hesabu huanzia mwisho

Sasa tukae mezani. Katika njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji, mkuu wa msafara hakuondoka pwani bila kuhesabu posho ya njia nzima, pamoja na nguo, shanga na nyaya za kulipia hongo kwa watawala wa nchi alizopita. Aliyehesabu posho ya kufika Ugogo, alikwama Ugogo. Hata aliyefika hapa aliweza kukwama: mwaka 1872 David Livingstone, baada ya kuagana na Stanley mwezi Machi, alikaa Kwihara hadi mwezi Agosti akingoja wapagazi na mahitaji kutoka pwani. Anayefufua gari kuukuu hukutana na hali hiyohiyo. Kazi nyingi hazifi mwanzoni wala mwishoni, bali katikati ya njia: bodi imekatwa, injini iko sakafuni, vipuri vinangojwa, na fedha imekwisha. Gari lililofunguliwa na kuachwa lina bei ndogo kuliko lilivyokuwa chini ya mwembe.

Kwa hiyo hesabu isianze na bei anayoitaka muuzaji. Ianze na bei ya gari lililokamilika, kisha irudi nyuma. Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia njia tu. Kila mlaji aweke za kwake, zilizotoka kwa mafundi wasiopungua wawili.

Kukata na kuchomelea bodi: shilingi 9,000,000.
Rangi: shilingi 4,500,000.
Injini na gia: shilingi 5,000,000.
Breki, usukani, springi na matairi: shilingi 4,000,000.
Umeme, taa, vioo na raba za milango: shilingi 3,000,000.
Viti na mapambo ya ndani: shilingi 1,500,000.

Jumla ya kazi ni shilingi 27,000,000. Ongeza shilingi 1,000,000 za kulibeba gari na kushughulikia nyaraka. Kisha ongeza akiba ya yasiyoonekana, ambayo kwa gari lenye kutu tunashauri isipungue theluthi moja ya kazi, yaani shilingi 9,000,000. Akiba hii si anasa. Fundi akikata bati moja bovu hulikuta la pili nyuma yake, na hakuna aliyeweza kuliona kabla. Jumla kuu sasa ni shilingi 37,000,000, na bado hatujamlipa muuzaji hata senti.

Tuseme gari la namna hiyo, likikamilika, linaweza kuuzwa kwa shilingi 40,000,000. Bei ya juu kabisa inayoweza kumlipa muuzaji bila hasara ni shilingi 3,000,000. Muuzaji anataka 12,000,000. Tofauti hiyo ya shilingi 9,000,000 ingetoka katika kiinua mgongo cha mzee, bila kuhesabu jasho lake na muda wake. Na kama gari likikamilika litauzwa kwa shilingi 30,000,000, basi hata likitolewa bure ni hasara ya shilingi 7,000,000.

Bei ya gari lililokamilika ipatikaneje? Isiwe bei iliyoandikwa katika tangazo, kwa maana kutaja bei ni bure. Iwe bei ambayo mnunuzi alilipa. Ulizeni magari yaliyouzwa, si yanayouzwa. Yawe ya aina hiyohiyo na hali hiyohiyo. Kumbukeni pia kwamba wanunuzi wa magari haya ni wachache, na wengi wako mbali na Tabora. Mwenye kuuza bidhaa yenye wanunuzi wachache hungoja, na fedha iliyofungwa katika gari haisomeshi mtoto wala haitibu mgonjwa wakati wa kungoja.

Nyaraka, muuzaji na fundi

Gari lisilo na nyaraka si gari kuukuu. Ni mzigo wa vipuri. Mlaji aione kadi ya gari yenyewe, si nakala. Namba ya chesisi katika kadi ilingane na iliyogongwa katika chuma. Katika 240Z yenye usukani wa kulia namba hiyo huanza na herufi HS30, nayo imegongwa katika ukuta ulio nyuma ya injini. Namba ya injini nayo ilinganishwe. Taarifa zithibitishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya malipo, pamoja na madeni yoyote yanayolifuata gari. Kama mwenye gari amefariki, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Mtoto mkubwa wa marehemu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, hana mamlaka hayo kwa kuwa mkubwa tu. Anayenunua kwa asiye na haki ya kuuza huweza kupokonywa gari, akabaki akimdai mtu asiye na kitu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Lakini mlaji ajue mpaka wa ulinzi huo. Mnunuzi aliyekagua bidhaa mwenyewe, kwa kawaida hawezi kulalamikia ubovu ambao ukaguzi wake ulipaswa kuufichua. Na muuzaji ambaye si mfanyabiashara wa magari habanwi kwa kiwango kilekile na dhamana ya ubora. Kwa hiyo maneno muhimu ya muuzaji yaandikwe katika mkataba: "sakafu haijatoboka", "injini ni ya asili", "gari halijapata ajali". Anayesema kweli hataogopa kuyatia sahihi.

Kwa fundi, tunashauri mambo matano. Kazi igawanywe katika hatua, na kila hatua iwe na bei na muda wake. Malipo yafuate hatua iliyokamilika, si ahadi. Bodi ikaguliwe kabla haijapakwa rangi, kwa sababu rangi hufunika kazi njema na mbaya sawasawa. Vipuri vya zamani virudishwe kwa mwenye gari, kwa kuwa kwa gari kama hili hata kitasa kibovu kina mnunuzi. Na gharama yoyote ya ziada iombwe kwa maandishi kabla ya kufanyika. Tuongeze la usalama: tangi la petroli litolewe na betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea. Bati la gari ni jembamba, halifiki milimita moja. Fundi aliyezoea kuchomelea mageti atalitoboa zaidi kuliko kulitengeneza.

Kwa wenye gari tayari

Wapo miongoni mwenu ambao gari tayari ni lao na hawana fedha ya kulifufua. Kwenu ushauri ni mwepesi, na karibu hauna gharama. Lihamisheni kutoka chini ya mwembe. Lipandisheni juu ya magogo, matairi yasiguse ardhi. Safisheni majani na udongo katika mfereji wa kioo na katika matundu ya chini ya milango. Toeni zulia lenye unyevu na betri. Jengeni kibanda cha bati kilicho wazi pembeni ili hewa ipite. Msilifunike kwa nailoni, kwani nailoni hufungia jasho la usiku ndani. Wanaopulizia oili chafu chini ya gari wajue kwamba huchelewesha kutu mahali pakavu na safi tu. Ikipakwa juu ya tope hufunga unyevu, na siku ya kuchomelea huleta moto.

Kulihifadhi gari si kushindwa kulifufua. Kutu iliyozuiwa leo ni bati ambalo halitanunuliwa kesho.

Mwisho wa habari ya mzee

Mzee wetu alifuata hatua hizi. Alikwenda na fundi bodi, akaomba ruhusa, akainua zulia. Bisibisi ilizama katika vizingiti vyote viwili, na chini ya miguu ya dereva waliona nyasi. Hakugombana na warithi. Aliwaita wakaona pamoja naye. Kisha akaketi na kijana wake, wakaandika hesabu, na kijana mwenyewe ndiye aliyepiga jumla. Waliwapa warithi bei ambayo hesabu iliruhusu. Warithi hawakukubali, nayo ni haki yao. Tulipowasiliana na mzee mara ya mwisho, gari lilikuwa bado chini ya mwembe, na kiinua mgongo kilikuwa bado benki.

Tulimwuliza kama anajuta. Akasema kwamba katika reli walifundishwa kwamba behewa haliondoki stesheni mpaka breki zimepimwa, hata abiria wakipiga kelele vipi.

Ndugu walaji, hatukuja kuwakataza kupenda magari ya zamani. Nchi isiyohifadhi vitu vyake vya jana hubaki kuvisimulia tu. Tumekuja kuwaomba mjue, kabla ya kutoa fedha, mnanunua thamani ipi, kutu imefika wapi, na posho yenu inafikisha msafara mpaka wapi. Mwenye kuyajua hayo matatu akinunua, amenunua kwa hiari yake. Na akiacha, hajapoteza kitu.